Jean Rouch na Deni la Mwenye Kamera

Kila ninapokuta makala kuhusu Jean Rouch, yule Mfaransa aliyetengeneza filamu Afrika Magharibi kwa zaidi ya miaka 50, naona anasifiwa kwa jambo lile lile. Eti aliishusha kamera kutoka kwenye stendi, akaishika mkononi, akaingia nayo mitaani, na sinema ya dunia ikabadilika. Ni kweli. Lakini kwangu mimi hiyo ni sehemu ndogo ya habari yake. Kamera ya mkononi leo anayo kila mwenye simu. Kama urithi wa Rouch ungekuwa huo tu, tungekuwa tumeshaurithi sote na mjadala ungekuwa umekwisha.

Kuna jambo jingine alilofanya, ambalo halikuhitaji mtambo wowote mpya, na ambalo wengi waliomfuata wamelikwepa mpaka leo. Filamu ikiwa tayari, aliipeleka kwa wale aliowapiga picha, akaketi nao, akasikiliza wanasemaje. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo ulipo uhalisia wa sinema yake. Kutikisika kwa picha hakukufanyi uwe mkweli. Unaanza kuwa mkweli pale unapokubali kuulizwa maswali na mtu uliyemwonyesha. Na nisieleweke vibaya, simfanyi Rouch kuwa mtakatifu. Kuna Waafrika wazito waliomkatalia usoni, na nadhani walikuwa na haki. Nitafika huko.

Kwanza tumjue mwenyewe. Rouch alizaliwa Paris mwaka 1917. Hakusomea sinema. Alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, na mwaka 1941, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani, akapata kazi ya kusimamia ujenzi wa barabara Niger, wakati huo koloni la Ufaransa. Huko radi ikaua vibarua wake kadhaa. Kwa maelezo aliyoyarudia mara nyingi, kijana mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi, Damouré Zika, alimpeleka kwa bibi yake, mama wa Kisorko aliyejua mambo ya Dongo, pepo wa radi. Bibi akafanya tambiko. Mhandisi akatazama, akaandika, na akatambua kwamba mengi ya aliyoyaona hayaingii kwenye daftari. Baada ya vita akajifunza anthropolojia kwa Marcel Griaule, akanunua kamera kuukuu ya milimita 16, na mwaka 1946 akaanza na wenzake wawili safari ya kuushuka mto Niger kwa mtumbwi.

Katika safari hiyo stendi ya kamera ilipotelea mtoni. Hakuwa na namna, ikabidi apige picha kwa mkono. Kamera yenyewe ilikuwa ya kujazwa kwa ufunguo kama saa ya zamani, na kila ukiijaza unapata sekunde zisizozidi 25 hivi, kisha inasimama, unajaza tena. Vitabu vya historia ya sinema hukipenda sana kisa hiki, maana ni kizuri: ajali ya mtoni inazaa mtindo mpya wa filamu.

Mimi nakipenda kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rouch aliwapiga picha wavuvi wa Kisorko wakiwinda viboko kwa vyusa. Filamu akaiita "Bataille sur le grand fleuve", yaani vita kwenye mto mkubwa. Baadaye akairudisha kijijini Ayorou. Akatundika shuka, akawasha projekta, wanakijiji wakajaa. Wakawaona jamaa zao, wengine wakiwa wameshafariki, na watu wakalia. Wakaomba irudiwe, ikarudiwa. Halafu wakaanza kukosoa.

Sehemu ya mawindo yenyewe Rouch alikuwa ameiwekea muziki. Alichagua wimbo wa wawindaji wa kuhamasishana, akiamini amefanya jambo la heshima. Wawindaji wakamwambia hapana. Mtu akiwinda kiboko hakuna anayepiga muziki. Kiboko ana masikio, hata akiwa majini anasikia, na akisikia atakimbia. Mawindo yanataka kimya. Rouch akafikiri, akaona wana haki. Ule muziki ulikuwa mazoea ya sinema za Ulaya, kwamba hatari ikikaribia sharti ngoma zilie. Akauondoa.

Tafakari kidogo jambo hili. Msomi kutoka Paris anarekebishwa filamu yake na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona sinema. Hakuwapa zawadi kwa kuwaonyesha. Wao ndio waliompa zawadi, maana walimwondolea uongo ambao asingeuona mwenyewe. Sisi tunaoandika habari tuna jina la kazi hiyo, tunaiita kuhakiki. Rouch aliita njia yake anthropolojia ya kushirikiana, na kwa haki alikiri kwamba hakuianzisha yeye. Mmarekani Robert Flaherty aliwaonyesha Inuit picha zao alipokuwa akitengeneza "Nanook of the North", filamu iliyotoka mwaka 1922. Tofauti ni kwamba Rouch aliifanya kuwa kanuni ya maisha. Jioni ile Ayorou ilizaa kazi nyingine pia. Watu wakaanza kumpa mawazo: tengeneza hii, tengeneza ile. Damouré na rafiki yake Lam Ibrahim Dia wakataka filamu ya kuigiza, ya vijana wa Niger wanaokwenda kutafuta maisha Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Ndiyo ikawa "Jaguar", iliyopigwa picha kuanzia mwaka 1954 na kutoka rasmi mwaka 1967.

Lakini kuirudisha filamu si jambo jepesi kama linavyosikika. Mwaka 1954, mjini Accra, viongozi wa kundi la Hauka walimwomba Rouch awapige picha. Hauka walikuwa wahamiaji kutoka Niger, vibarua na makuli, ambao kwa siku maalumu walikwenda nje ya mji na kupandisha pepo. Na pepo wenyewe hawakuwa wa mizimu ya mababu. Walikuwa gavana, jenerali, koplo wa zamu, dereva wa treni. Wakoloni watupu! Watu wanatoka povu, wanapiga saluti, wanaitisha mkutano wa maofisa, wanachinja mbwa na kumla. Yai linapasuliwa juu ya sanamu ya gavana, kisha filamu inaruka ghafla na kutuonyesha gavana halisi kwenye gwaride la Waingereza, kofia yake imejaa manyoya. Kesho yake tunawaona watu wale wale kazini, wanatabasamu, wanachimba mitaro.

Msomaji wa pwani ya kwetu hatashangaa sana. Beni yetu nayo ilikuwa na gwaride, sare na vyeo vya kizungu, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Marini na Arinoti za Tanganyika, na wataalamu wamebishana miaka mingi kama wale watu walikuwa wanamuiga Mzungu, wanamcheka, au wanamnyang'anya nguvu zake. Beni ilikuwa ngoma ya kujionyesha na Hauka ilikuwa ya pepo, lakini swali ni moja.

Filamu hiyo, "Les Maîtres fous", mabwana wenye wazimu, ilitoka mwaka 1955 na kuzua balaa. Ilipoonyeshwa Paris, Griaule, mwalimu wake mwenyewe, alitaka iharibiwe. Waafrika waliokuwapo nao wakachukia, maana waliona itawapa wabaguzi wa rangi chakula cha miaka mingi. Waingereza wakaipiga marufuku Gold Coast, kwa sababu zao tofauti kabisa: hawakupenda kumwona gavana wao amegeuzwa pepo. Mwaka 1957 ikapata tuzo Venice. Na wale wenyewe waliopigwa picha? Rouch alieleza kwamba kuwaonyesha Hauka filamu ile kuliwafanya wapandishe pepo pale pale bila mpangilio, na hilo likawa hatari. Kwa hiyo hata yeye, bingwa wa kurudisha, alikutana na filamu isiyorudishika. Ninaipenda habari hiyo kwa sababu inatukataza kugeuza kanuni kuwa kaulimbiu.

Sasa njooni Abidjan. Mwaka 1957, katika mtaa wa Treichville, Rouch alifuatana na vijana wahamiaji kutoka Niger wanaohangaika na vibarua. Aliwaambia waigize maisha yao wenyewe, na kila mmoja ajichagulie jina. Wakachagua majina ya sinema. Mmoja akawa Eddie Constantine, mwingine, kuli wa bandarini, akawa Edward G. Robinson. Huyu wa pili jina lake halisi ni Oumarou Ganda, kijana aliyekuwa amepigana Indochina katika jeshi la Ufaransa na kurudi mikono mitupu. Kamera haikuweza kurekodi sauti pamoja na picha, basi baadaye Ganda akaketi mbele ya picha zile na kuzisemea papo kwa papo. Anajigamba, anacheka, anajionea huruma, anaota kuwa bondia, anaota kuwa na mke na nyumba, anaeleza uchungu wa vita. Filamu ikaitwa "Moi, un Noir", Mimi, Mweusi, nayo ikapata tuzo ya Louis Delluc ya mwaka 1958.

Wapenzi wa sinema wanajua kilichofuata. Jean-Luc Godard, wakati huo mhakiki kijana, aliisifu sana filamu hiyo, na mwaka 1960 akatoa yake, "À bout de souffle", yenye kamera ya mkononi, mitaa halisi na mikato ya ghafla inayoruka. Wahakiki wengi wameona mkono wa Rouch hapo. Mikato ile ya kurukaruka, ambayo leo imejaa kwenye video za vijana mitandaoni, sehemu ya asili yake ni ile kamera ya ufunguo iliyokuwa ikikatika kila sekunde 25. Kwa maneno mengine, wimbi jipya la sinema ya Ufaransa lina deni Treichville. Vitabu vingi vinataja Paris, Treichville inapewa mstari mmoja.

Kiangazi cha mwaka 1960 Rouch akageuza kamera upande wa kwao. Pamoja na mwanasosholojia Edgar Morin akatengeneza "Chronique d'un été", kumbukumbu za kiangazi. Mpigapicha Michel Brault aliletwa kutoka Kanada, na walitumia kamera mpya nyepesi iliyokuwa bado kwenye majaribio, pamoja na rekoda ya Nagra ya kubeba begani. Sasa mtu aliweza kutembea na kuongea, na sauti yake ikanaswa. Marceline Loridan na mwenzake wanashika kipaza sauti na kuwasimamisha wapita njia wa Paris kwa swali moja: je, una furaha? Wengine wanacheka, wengine wanakimbia, wengine wanaanza kusimulia shida zao. Tunakutana na mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha Renault, na vijana wa Kiafrika wanaosoma Ufaransa. Mezani watu wanabishana kuhusu vita vya Algeria na kuhusu Kongo, iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru tarehe 30 Juni mwaka huo huo na kuingia kwenye machafuko.

Katika tukio linalokumbukwa kuliko yote, Marceline, Myahudi aliyenusurika kambi ya Auschwitz-Birkenau, anatembea peke yake Paris na rekoda begani, akiongea kwa sauti ya chini na baba yake aliyepelekwa kambini pamoja naye na hakurudi. Kamera inazidi kuwa mbali, yeye anazidi kuwa mdogo, sauti inabaki pale pale sikioni mwako. Hakuna mtangazaji anayeeleza. Hakuna kinanda cha kukuliza.

Halafu, karibu na mwisho, wanafanya kile kile cha Ayorou. Wanawaita wahusika wote ukumbini, wanawaonyesha filamu, na kamera inanasa wanavyoipokea. Kunachafuka! Mmoja anasema kuna watu wamejivua nguo mbele za watu. Mwingine anasema walikuwa wanaigiza tu. Wengine wanatetea. Kisha Rouch na Morin wanatembea huku na huku kwenye ukumbi wa makumbusho wakijiuliza kama wamefaulu au wameshindwa, na hawafichi mashaka yao. Mwaka 1961 filamu ikapata tuzo ya wahakiki Cannes, na jina walilolitumia, sinema ya kweli, walilolirithi kwa Mrusi Dziga Vertov, likaenea duniani.

Hapa lazima tutofautishe mambo mawili ambayo hata wanafunzi wa uandishi wa habari huyachanganya. Wakati huo huo Marekani kulikuwa na kundi la Robert Drew na wenzake, waliotengeneza "Primary" mwaka 1960 kuhusu kampeni ya Kennedy. Wao walitaka kamera ijifiche, iwe kama nzi ukutani, watu wasahau kwamba ipo. Rouch alisema kinyume. Kamera ikiingia chumbani, kila kitu kinabadilika, na kujifanya haipo ni uongo. Afadhali ukubali kwamba ipo, uitumie kuchokoza, uone watu wanatoa nini. Kwake, kujifanya mwingine mbele ya kamera kulikuwa kunafunua ukweli ambao mtu hausemi akiwa "kawaida". Kuli anayejiita Edward G. Robinson anakwambia mengi kuhusu Abidjan kuliko ofisa wa takwimu.

Basi tujiulize, dunia ilichukua nini kwa Rouch? Ilichukua kamera ya mkononi. Ilichukua mahojiano ya mitaani, ambayo leo kila kituo cha televisheni kinayo. Ilichukua mchezo wa watu halisi kujiigiza wenyewe, ambao televisheni zimeugeuza kuwa vipindi vya watu kufungiwa kwenye jumba moja na kupigishwa kelele. Kile kiti cha wahusika kuketi, kuona na kujibu kabla watu wengine hawajaona, hicho dunia ilikiacha. Na si ajabu, kwa sababu ndicho pekee kinachomgharimu mwenye kamera. Kinamgharimu muda, nauli na, zaidi ya yote, madaraka.

Sasa nifike kwa waliomkatalia. Mwaka 1965 Rouch alikaa kwenye mjadala na Ousmane Sembène, mwandishi na mtengenezaji filamu wa Senegal, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kuli bandarini Marseille. Sembène hakuzungusha maneno. Alimwambia kwamba yeye na wenzake wanawatazama Waafrika kama wadudu. Wanaonyesha watu wanafanya nini, lakini hawaonyeshi wametoka wapi na wanakwenda wapi. Katika mjadala huo huo Sembène alikiri kwamba "Moi, un Noir" anaipenda, na kwamba Mwafrika angeweza kuitengeneza, ila wakati ule hakuna aliyekuwa na nafasi.

Neno hilo la nafasi ndilo zito. Tangu mwaka 1934 kulikuwa na amri ya serikali ya Ufaransa iliyodai kibali kwa yeyote anayetaka kupiga filamu kwenye makoloni yake ya Afrika. Paulin Vieyra na wenzake, Waafrika waliosomea sinema Paris, walipotaka kutengeneza filamu yao ya kwanza hawakuweza kuipigia Afrika. Wakaitengeneza Paris na kuiita "Afrique sur Seine". Ilikuwa mwaka 1955, mwaka ule ule wa "Les Maîtres fous". Yaani Mfaransa yupo Accra na kamera, Mwafrika yupo Paris anaomba ruhusa ya kwenda na kamera kwao. Ukilijua hilo, hasira ya Sembène huwezi kuiita wivu.

Msimamo wangu? Nadhani Sembène alikuwa na haki kuhusu mfumo, na Rouch alikuwa na haki kuhusu njia ya kufanya kazi. Rouch aliwaita watu mezani, akala nao, akawasikiliza, hata mapato ya baadhi ya filamu akagawana na Damouré, Lam na Tallou Mouzourane, marafiki zake wa miaka yote. Kundi lao waliliita Dalarouta kwa kuunganisha majina yao. Lakini ufunguo wa stoo ulibaki mfukoni mwake. Yeye ndiye aliyekuwa na taasisi Paris, yeye ndiye aliyekuwa na chumba cha kuhariria, na jina lake ndilo lililopanda kwenye bango. Kumsikiliza mtu na kumpa kamera ni vitu viwili tofauti.

Ndiyo maana kipimo kizuri cha Rouch nakiona kwa waliopita mikononi mwake wakaenda zao. Oumarou Ganda hakuridhika kuwa Edward G. Robinson maisha yake yote. Mwaka 1968 alitengeneza "Cabascabo", habari ya askari aliyerudi Niger kutoka Indochina, akatapanya pesa zake na marafiki wa msimu, kisha akabaki na jembe. Ni kama alikuwa anasema: ile hadithi mliyoisikia kinywani mwangu, sasa naisimulia mimi. Filamu yake "Le Wazzou polygame" ndiyo iliyotwaa tuzo kuu ya tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1972, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Moustapha Alassane, baba wa katuni za Niger, alipata msaada wake mwanzoni. Safi Faye, mwalimu wa Senegal, aliigiza kwenye filamu ya Rouch, akaenda kusomea sinema na etnolojia, na mwaka 1975 akatoa "Kaddu Beykat", barua ya wakulima wa kijiji chake kuhusu karanga, deni na ukame. Serikali ya Senegal ikaipiga marufuku. Angalia vizuri: aliyetoka mbele ya kamera akashika kamera, na papo hapo akasema jambo lililoiuma serikali yake. Nani kati ya wageni wetu angelisema kwa namna ile?

Filamu aliyoigiza Safi Faye ni "Petit à petit", yaani kidogo kidogo, ya mwaka 1970 hivi, nayo nawashauri muitafute mcheke. Damouré ni mfanyabiashara wa Niger anayetaka kujenga ghorofa, basi anakwenda Paris kuchunguza jinsi Wazungu wanavyoishi ghorofani. Anawasimamisha watu barabarani kwa adabu zote, anawapima vichwa, anawaomba wafungue midomo ahesabu meno. Mkuki kwa nguruwe! Unacheka, halafu unakumbuka kwamba kuna wataalamu waliowahi kuwafanyia hivyo babu zetu na hawakuwa wanatania.

Kwetu Tanzania mabishano ya namna hii tumewahi kuyaonja. "Darwin's Nightmare" ya Hubert Sauper, Mwaustria aliyefanya makazi Ufaransa, ilitoka mwaka 2004, ikatengenezwa kwa fedha za Ufaransa, Austria na Ubelgiji, na kupigiwa picha Mwanza: sangara wanapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki yanabaki kwa walalahoi, na swali la silaha linaning'inia hewani. Mwaka 2006, ikiwa imeshateuliwa kuwania Oscar, Rais Kikwete aliishutumu hadharani na Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga. Tulibishana sana: inasema kweli au inatuchafua? Swali la Ayorou ni jingine kabisa. Yule mama wa mapanki angeiona, angesema nini kiondolewe na nini kiongezwe? Serikali ilimsemea, mtengenezaji alimsemea, wafanyabiashara wa samaki walimsemea. Kama angeketishwa mbele ya shuka lililotundikwa, huenda angewashangaza wote watatu, kama wale wawindaji walivyomshangaza Rouch na kimya chao.

Tusiwanyooshee kidole wageni tu. Leo vijana wetu wenye kamera nzuri wanatumwa na asasi kwenda vijijini siku mbili. Wanampiga picha mtoto mwenye kamasi, wanaweka kinanda cha huzuni, wanaondoka. Video inaonyeshwa hotelini kwa wafadhili, kati ya chai na chakula cha mchana. Mama wa mtoto haioni. Na hiki kinanda cha huzuni ni ndugu wa ule muziki wa viboko: mazoea ya sinema yaliyobandikwa juu ya maisha ya mtu ambaye hakuulizwa. Rouch alibeba projekta na jenereta mpaka Ayorou. Sisi tuna simu mfukoni, faili linatumwa kwa dakika moja, na bado tunasema haiwezekani.

Wala njia haijafichika. Mwaka 1978, Msumbiji ikiwa na miaka mitatu tu ya uhuru, Rouch alishiriki kuendesha mafunzo Maputo ambapo vijana walifundishwa kutumia kamera ndogo za Super 8, wapige picha, waonyeshe haraka, wakosolewe, wapige tena. Kutokana na uzoefu huo zikazaliwa warsha za Ateliers Varan, zilizoanzishwa Paris mwaka 1981 na ambazo zimefundisha watu nchi nyingi. Hapo ndipo ufunguo wa stoo ulipoanza kutoka mfukoni.

Rouch alifariki tarehe 18 Februari 2004 kwa ajali ya gari nchini Niger, akiwa na miaka 86, ndani ya gari pamoja na rafiki yake Damouré, yule kijana wa barabarani wa miaka ya 1940. Akazikwa Niamey. Ameacha filamu zaidi ya 100, na sehemu kubwa ya hazina hiyo inatunzwa Ufaransa. Kati ya hizo kuna mfululizo wa Sigui, sherehe kubwa ya Wadogon wa Mali inayofanyika kila baada ya miaka 60, aliyoifuatilia na Germaine Dieterlen kuanzia mwaka 1967. Kwa hesabu hiyo zamu nyingine inaangukia mwaka 2027, katika eneo ambalo vita vimelitesa kwa miaka sasa. Wadogon watakaotaka kujua babu zao walicheza vipi, filamu wanayo? Au itabidi waombe kibali kutoka Paris kujiona wenyewe?

Kwa hiyo mtu akikwambia anatengeneza filamu za hali halisi kama Jean Rouch, usimuulize anatumia kamera gani. Muulize waliomo kwenye filamu wameiona lini, wamesema nini, na amebadilisha nini baada ya kuwasikia. Akikosa jibu la swali la tatu, yaliyo kwenye filamu yake ni maoni yake mwenyewe kwa sura za watu wengine. Anayeona nimemwonea mwenye kamera, aje na hoja, tubishane.